Fundi Ijumaa-ni-Ijumaa na Gauni Lililokaa Msumarini

Marehemu fundi wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Ijumaa-ni-Ijumaa, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Alichelewa kusema. Alikaribia miaka mitatu bila kutoa neno, na bibi yake, akishuku mtoto ni kiziwi, akawa anapiga sufuria nyuma ya kisogo chake. Siku moja mtoto akageuka akasema, "Nasikia, bibi," kisha akanyamaza tena. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, lakini mjane ndiye aliyeusimamia. Ameagiza watu wasipakwe mafuta kwa mgongo wa chupa: alimshuku mumewe kwa karibu miaka ishirini, na hataki kujifanya leo kwamba hakumshuku.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1965 hadi 1971. Akiwa darasa la tano, kioo cha dirisha la ofisi kilivunjwa, na mwalimu mkuu akamuuliza ni nani aliyefanya hivyo. Akajibu, "Namjua, mwalimu, ila nimeahidi kutosema." Alichapwa fimbo sita na kushukiwa yeye mpaka alipomaliza shule. Aliyevunja kioo hajatajwa hadi leo, na kama yuko hapa, anajijua.

Mwaka 1973 alianza kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja mkubwa. Ahadi za mafundi cherehani sote tunazijua. Unaambiwa njoo Ijumaa, na Ijumaa ukifika kitambaa chako hakijauona hata mkasi. Mteja mmoja alipoambiwa hivyo, marehemu alimfuata mlangoni akamnong'oneza, "Mama, usisumbuke kuja Ijumaa. Hata kukata bado." Siku hiyohiyo akafukuzwa kazi.

Alifungua chumba chake mwenyewe tarehe 2 Julai 1979: cherehani moja ya miguu, meza ya kukatia, kioo chenye ufa, na mlango wa nyuma unaotokea uchochoroni. Watu hawakumwamini. Fundi asiyedanganya, walisema, lazima ana lake jambo. Bibi harusi mmoja alimtuma shangazi yake siku nne mfululizo kuja kuchungulia dirishani. Ijumaa gauni likawa tayari, limepigwa pasi, na shangazi akaondoka amenuna kwa kukosa la kulalamikia. Jina likamganda.

Alikuwa na mtindo wake wa kazi. Kila nguo aliyopokea, alikata kipande kidogo cha kitambaa, akakigawa kwa mkato wa kupindapinda. Nusu aliibana kwenye daftari la vipimo, nusu akampa mteja. Siku ya kuchukua nguo, nusu mbili zilitakiwa zikutane. Asiye na kipande hakupewa nguo. Baba mkwe wake alirudishwa nyumbani mara mbili akakitafute, na suruali yake ikaendelea kuning'inia.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Disemba 1985. Mvua ilikata barabara tangu alfajiri, na bibi harusi akaanza kuwaza kwamba ameachwa. Saa nne kamili, kama walivyopatana, bwana harusi aliingia kanisani kwa miguu, tope hadi magotini. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mwaka 1996 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa.

Jumanne, tarehe 14 Juni 2005, mwanamke asiyejulikana mtaani alionekana akiingia kwa fundi, na hakuonekana akitoka. Kesho yake walikuja wanaume watatu, mmoja akifoka kwamba anamtaka mke wake. Marehemu aliweka mkasi chini akasema, "Alikuja. Zaidi ya hapo sisemi." Walimkunja shati, wakapindua meza, na mtaa mzima ukasikia. Jioni mkewe alimkalisha.

"Si ungesema tu hujamwona?"

"Ningekuwa nimedanganya, mama watoto."

"Haya, basi niambie mimi."

"Nitakuwa nimevunja ahadi."

"Ahadi! Na ile ya madhabahuni?"

"Hiyo nayo sijaivunja."

Mkewe alilia kwa hasira, maana aliolewa na mtu asiyeweza kudanganya wala kueleza. Wiki mbili baadaye akaona, nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea, gauni la buluu lililofunikwa kwa karatasi, likining'inia msumarini. Lilikuwa na kiuno ambacho yeye hakuwa nacho hata siku ya harusi yake. Tangu hapo alinusa mashati ya mumewe kabla ya kuyafua. Alimpitia kazini bila taarifa, akisingizia chumvi imekwisha. Kila Juni alimkuta akilikung'uta gauni lile na kulipiga pasi taratibu, na moyo ukamchoma upya. Wateja wa kike wakaanza kuja kupimwa wawili wawili. Kanisa likamtaka ajieleze au aache uongozi. Akaacha, akahamia benchi la mwisho, na hakukosa ibada. Lisemwalo lipo, watu walisema. Mkewe naye alisema hivyo, kwa sauti ya chini.

Mwezi Agosti 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alimaliza nguo zote alizokuwa ameahidi, kisha akafunga chumba. Gauni la buluu akalileta nyumbani, akagongomea msumari chumbani kwao. Mkewe hakulala vizuri tangu siku hiyo. Usiku wa mwisho hospitalini alimwambia, "Akija mtu na kipande chake, mpe. Usimuulize kitu. Niahidi." Mkewe akaahidi, na anakiri kwamba aliahidi kwa kinyongo. Marehemu alifariki dunia Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Tangazo la kifo lilisomwa redioni. Juzi Alhamisi, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, mwanamke wa makamo aliomba kumwona mjane chumbani. Akafungua leso, akatoa kipande cha kitambaa cha buluu. Nusu mbili zilikutana. Mjane alikuwa ameahidi kutouliza. Hakuwa ameahidi kutopima. Akachukua futi ya mumewe akampima mabega, ambayo ndiyo hayabadiliki, na vipimo vikawa vilevile vya kwenye daftari. Kiuno, mjane anasema kwa furaha kidogo, kilikuwa kimebadilika sana.

Mgeni akasema bila kuulizwa, na ameruhusu haya yasomwe. Siku ile alikuwa na michubuko, na futi ilipogusa mgongo alipiga kelele. Alikuwa anamkimbia mumewe. Aliomba mawili: fundi asimwambie mtu yeyote alikoelekea, na gauni limsubiri, apate sababu ya kuamini kwamba ipo siku atarudi. Fundi akasema ndiyo, akamfungulia mlango wa nyuma. Mjane alikaa kitandani akalishika gauni kwa mikono miwili. "Baba watoto, nisamehe," alisema, na wakalia wote wawili.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, ambao ni mwalimu, dereva wa lori na muuguzi, wajukuu saba, na mdogo wake huyu, ambaye naye alimshuku na anaomba radhi mbele yenu.

Mume wa mgeni yule angali hai. Tangu juzi majirani wanamuuliza mjane: yule mwanamke ni nani, na anaishi wapi? Mjane anajua yote mawili, na ameahidi kutosema. Wanaotaka kushuku waendelee. Sasa ni zamu yake kushukiwa.

Apumzike kwa amani fundi wa neno moja. Gauni limechukuliwa na mwenyewe.