Falone Igiraneza, Aliyefika Kwenye Matanga Yake

Solange alikuwa njiani, akihama kutoka Walikale kwenda Karuba, uchungu ulipomshika Ngungu, kijiji ambacho hakuwahi kukiona. Ukungu ulikuwa umemeza hata milango. Alibisha hodi kwenye ukuta wa kwanza alioupapasa, wakamfungulia, na humo ndani, tarehe 9 Mei 2002, akamzaa Falone, kifungua mimba wake na wa Floribert Nzabandora.

Falone alisoma Karuba. Agosti 2019, akiwa na miaka kumi na saba, alikwenda likizo kwa mjomba wake Walikale, na Ebola ikamkuta huko. Wiki tatu alilala nyuma ya kuta za plastiki za kituo cha matibabu. Baadaye alisema siku zile zilipita kama mtu anayevuka mto akiwa usingizini.

Alipopona, muuguzi alipiga simu Karuba kusema ametoka. Mtandao ulikatakata, Floribert akasikia «ametutoka», akakaa chini. Kesho yake Falone alishuka kwenye pikipiki, akakuta turubai, watu wakilia, jina lake likiimbwa. Wote wakarudi nyuma. Akainua karatasi yake ya kupona, hakuna aliyesogea. Akasimama peke yake uani, asijue kama bado ana kwao.

Bibi yake, Dancille, ndiye aliyepita katikati ya watu.

«Hata kama iko muzimu, iko wetu. Leta mukono, mutoto.»

Akashikwa mkono. Wakampa maharagi ya matanga yake mwenyewe, akaonja, akawauliza: «Mie nimekufa, na munakosa hata chumvi?»

Wiki mbili baadaye alitaka kurudi Walikale, kuwabeba watoto wachanga ambao mama zao walilazwa, kwa kuwa aliyepona aliweza kuwakumbatia bila hofu. Floribert alikataa katakata. Hakuweza kumlilia mara ya pili. Falone akamjibu taratibu kwamba yeye alishikwa mkono, wale bado. Alikaa huko miezi mitano. Mwaka 2021 alipata diploma ya sekondari, akafundisha watoto wadogo Karuba.

Tarehe 15 Aprili 2023 aliolewa na Élie Sebarenzi, mtengeneza jibini.

Machi 2025 figo zilianza kumsumbua. Alifariki Masisi, Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, saa nne asubuhi, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake.

Amewaacha wazazi wake, bibi Dancille, mume wake Élie, binti yao Généreuse wa mwaka mmoja, na huko Walikale watoto kumi na mmoja aliowabeba wakiwa wachanga, wasioujua uso wake.

Sasa anaondoka, nasi tunabaki kilimani. Apumzike bila haraka, katika amani.