Mama Mkubwa wa Ng'ambo ya Reli

Hamjambo huko mliko, wasikilizaji wapendwa. Kama kuna sufuria jikoni, punguza moto. Kama kuna mtu anapiga soga hapo sebuleni, mwambie asubiri kidogo. Jioni hii tunamkumbuka mshona magodoro. Watu walimwita Sindano. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Alikuwa dada yangu, tumbo moja, ziwa moja.

Mmenizoea nikiwapamba marehemu wa watu. Leo sitapamba, maana nitakuwa nawadanganya. Nilimwonea wivu dada yangu. Nilimwonea wivu akiwa hai, na wiki hii makaburini nikamwonea tena. Watu walikuwa wanamshika mkono binti yangu na kumwambia, "Pole kwa kufiwa na mama." Nami nimesimama pembeni nasahihisha. "Mama mkubwa," nasema. "Ni mama yake mkubwa. Mama yake ni mimi." Nilisahihisha watu tisa. Wa kumi alikuwa mchungaji, nikaona aibu.

Sindano alishona magodoro miaka thelathini kiwandani, nyuma ya stesheni. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko ile sindano aliyoshikilia. Maharusi wakija kuchagua godoro aliwaambia, "Nyie kalaleni tu, mimi nimeshachoka kwa niaba yenu." Hakujaliwa mtoto. Aliishi peke yake katika chumba na sebule, ng'ambo ya reli.

Shikeni hilo neno, wasikilizaji wapendwa. Ng'ambo ya reli. Sisi tulikaa upande wa huku. Sheria ya elimu ilikuwa fupi: mtoto anasoma shule ya serikali ya mtaa anaolala. Upande wetu, darasa moja lilikuwa na watoto tisini, na mwalimu wa hesabu alikuwa ameondoka tangu mwaka juzi. Ng'ambo, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, kulikuwa na shule ya serikali ile ile yenye maktaba, yenye madawati, yenye mwalimu kwa kila somo. Reli tu katikati.

Binti yangu alipotimiza miaka sita, nilivuka reli nikaenda kumpigia dada magoti.

"Aje akae kwangu," akasema kabla sijamaliza. "Jumatatu mpaka Ijumaa. Lakini ofisi ya elimu wanapita majumbani, nawajua. Wakisikia ni mtoto wa mdogo wangu wanamrudisha. Itabidi awe wangu."

"Awe wako vipi?"

"Kwa maneno tu, mdogo wangu. Usiniangalie hivyo."

Basi binti yangu nikamfundisha mwenyewe. Wiki tatu, mezani kwangu, kwa mdomo wangu huu mnaousikia. Mama yako ni nani? Anajibu, Sindano. Unalala wapi? Anajibu, ng'ambo ya reli. Akikosea namrudisha mwanzo. Akipatia nampa biskuti. Alikuwa mwepesi wa kushika, na mimi nikawa najivunia.

Alikwenda. Dada akamshonea godoro kwa mkono wake, la kimo chake, lenye mistari ya buluu. Basi Ijumaa mtoto anakuja kwangu, asubuhi anaamka ananiambia, "Mama, godoro lako linachoma." Linachoma! Godoro nililomzalia! Roho iliniuma wikiendi nzima.

Kisha zikaja nywele. Ijumaa anarudi amesukwa vizuri, mistari imenyooka. Jumamosi mimi nazifumua zote, nasuka upya kwa mtindo wangu. Jumatatu dada anazifumua, anasuka upya. Tulipigana hivyo muhula mzima, kichwani kwa mtoto, mpaka siku moja akatuambia wote wawili, "Naomba ninyolewe." Jino lake la kwanza liling'oka ng'ambo. Jedwali la kuzidisha kwa saba alilikariri ng'ambo. Akipata homa Jumapili, ananiangalia mimi halafu anauliza, "Mama mkubwa yuko wapi?"

Tulikubaliana nisivuke katikati ya wiki. Jumatano moja nikavuka. Nilikuwa nimemkumbuka, basi. Nimekaa sebuleni kwa dada, mwanangu yuko karibu nami anakula biskuti, mlango unagongwa. Karani wa ofisi ya elimu, na faili lake kwapani.

Alitazama kitanda. Alitazama mswaki. Alitazama sare iliyoanikwa dirishani. Kisha akamwinamia mtoto.

"Mama yako ni nani?"

Mtoto akanyoosha kidole kwa Sindano. Hakusita hata kidogo.

"Na huyu?"

Akanigeukia mimi. Mwanangu, wasikilizaji wapendwa, wa kumzaa. "Huyu mama mdogo," akasema. "Amekuja kututembelea." Kisha akaongeza jambo ambalo sikumfundisha. "Huwa hakai sana."

Karani akaandika, akafunga faili, akasema mtoto ana makazi. Bwana karani, kama upo hai na unanisikiliza, tulikudanganya. Alipotoka, dada akashusha pumzi. "Mdogo wangu, tumefaulu," akasema. Nikamjibu, "Umefaulu wewe." Nilichukua mkoba wangu, nikaondoka bila kumuaga mtoto. Nilivuka reli kurudi kwangu. Sikuwa na wa kumlaumu, maana mwalimu wa somo lile nilikuwa mimi.

Miaka saba alikaa ng'ambo. Miaka saba, Jumatatu mpaka Ijumaa. Alifaulu, akaendelea mbele. Leo ni mpima ardhi, anachora mipaka ya watu. Na miaka hiyo yote mimi na dada tulisalimiana, tulicheka kwenye harusi za wenzetu, lakini lile la Jumatano hatukuligusa. Sikuwahi kumwambia ahsante. Nilidhani amenichukulia mtoto, na mtu hashukuriwi kwa kukuchukulia.

Juzi, mimi na binti yangu tulikuwa tunatoa vitu chumbani kwa marehemu. Juu ya kabati palikuwa na redio ndogo ya zamani. Kitufe cha kutafutia stesheni kilikuwa kimefungwa kwa uzi. Uzi mnene, ule wa magodoro, umezungushwa na kupigwa fundo.

"Hii imeharibika?" nikauliza.

"Nzima," akasema binti yangu. "Mama mkubwa aliifunga nisihamishe stesheni. Saa kumi na mbili jioni ni wewe na salamu zako. Kula hakuna mpaka umalize. Nikiongea ananifinya. 'Nyamaza, mama yako anazungumza.'"

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Miaka yote saba. Ukimaliza, mimi nabusu redio. Yeye anainuka anaenda jikoni, sufuria zinagongana huko! Siku moja nikamuuliza, 'Mama mkubwa, umekasirika?' Akasema, 'Namwonea wivu mdogo wangu. Yeye anaongea tu anabusiwa. Mimi nafua soksi.'"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na nilipokaa nikalia. Na mtanisamehe, wivu ukanirudia hapo hapo. Mwenzangu aliona wivu, akafunga uzi ili mtoto anisikie mimi. Mimi niliona wivu, nikafumua nywele. Hata wivu wake ulikuwa na adabu kuliko wangu.

Wasikilizaji wapendwa, najua baadhi yenu usiku wa leo mna mtoto anayelala kwa shangazi, kwa bibi, kwa rafiki, kwa sababu ya shule. Mpigieni simu huyo anayefua soksi. Mwambieni ahsante angali anasikia. Na ninyi mnaochora mistari ya shule, nina swali moja, nalo nimelibeba miaka mingi. Kwa nini mtoto abadilishe mama ili apate maktaba?

Kwa mafundi wote wa kiwanda cha magodoro, poleni kwa kumpoteza mwenzenu. Kwa majirani wa ng'ambo ya reli mliotunza siri yetu miaka saba, poleni, na ahsanteni.

Na wewe, mwanangu. Najua uko kwenye kile chumba, umekaa juu ya godoro, na redio iko juu ya kabati na uzi wake. Makaburini nilisahihisha watu tisa. Naomba leo nijisahihishe mwenyewe, mbele ya wote wanaosikiliza. Pole sana, mwanangu, kwa kufiwa na mama yako.