Ulimwambia Aachie?

Noah ya abiria ilianza kuteremka mlima kuelekea Mlali. Bibi Zuleha alikaa mbele, pembeni ya dereva, kapu la magimbi mapajani. Nyuma yake Ignas, fundi wa mafriji, akauliza kama breki zimepona.

"Zimepona, kaka," Stambuli, dereva, akajibu. "Jana nimezitoa upepo mwenyewe."

"Peke yako? Hiyo kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali, mwenzake yuko uvunguni anafungua nati. Nani alikukanyagia?"

Stambuli akacheka kidogo. "Zamani alikuwa marehemu mdogo wangu. Jana nikajisahau, nikaita, 'Abdu, kanyaga.' Mafuta ya breki yakaruka, kama pedali imekanyagwa."

"Basi una bahati. Friji zangu hata nikizibembeleza hazisikii."

Bibi Zuleha hakucheka. Kwao walifundishwa kwamba maiti haitwi kwa jina ukiwa na kazi mkononi, kwa maana ataitika. Ila mteremko ule haukuwa mahali pa kumfunza mtu adabu.

"Na ulipomaliza," Ignas akauliza, sasa taratibu, "ulimwambia aachie?"

Stambuli akafikiri. "Nilikaza nati, nikaenda kula."

Kwenye kona kali gari likapunguza mwendo, kisha likasimama kabisa. Bibi Zuleha akainama kutazama. Miguu ya Stambuli yote miwili ilikuwa imerudi nyuma, chini ya kiti. Pedali ya breki ilikuwa imelala hadi sakafuni.

"Mwambie, mwanangu," akasema Bibi Zuleha. "Lakini kwa upole, tuko mlimani."