Mama Pazia na Meza ya Ukutani

Kwacha. Kwacha. Kwacha.

Huo ni mkasi, wasikilizaji wapendwa. Mkasi mkubwa wa fundi, unakata kitambaa kabla ya alfajiri, polepole, ili mtu asiamke. Nyumba nzima imelala. Taa ni moja tu, ya kwenye kona. Mwanamke amepiga magoti sakafuni, ana pini mdomoni, anakata pazia la mteja.

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Mtaani walimwita Mama Pazia. Alikuwa fundi wa mapazia. Alikuwa mama wa binti mmoja na bibi wa mjukuu mmoja. Ametutoka mwezi uliopita. Sogeeni karibu na redio, tumzungumzie.

Kwa nini alikata vitambaa gizani? Kwa ajili ya mjukuu. Sauti ya cherehani ilikuwa inamuumiza mtoto masikio. Kwa hiyo bibi alikata alfajiri, na cherehani aliikanyaga mtoto akiwa ametoka. Kazi ya siku moja ikawa ya siku mbili. Wateja wakinung'unika, aliwaambia, tulia mwanangu, dirisha lako haliendi popote.

Sasa kuna jambo ambalo ndugu zake wenyewe wametuomba tuliseme, maana tusipolisema tutakuwa tunamsema mtu mwingine. Mama Pazia alikuwa na wivu. Si wivu wa kuteta wala wa kuloga. Wivu wa kukaa nao kimya, umekunja mikono kifuani. Mdogo wake alituambia hivi: "Dada yangu alikuwa analionea wivu hata jua, likianza kuingia kwa jirani."

Wanakumbuka mwaka ambao fundi mwingine alipewa kazi ya mapazia ya ukumbi wa shule. Mama Pazia alikwenda pale kama mtu anayepita zake. Akainua pindo la pazia. Akaona mshono umekwenda upogo. Siku hiyo alirudi nyumbani anaimba.

Basi, huyo ndiye aliyepewa mjukuu wa kumlea wakati binti yake akiwa kazini kwenye duka la viatu. Mjukuu huyo, bibi alimwita Kinda. Mtoto wa miaka mitano, macho makubwa, maneno machache.

Kinda alizaliwa na masikio yanayopokea kila kitu kwa mpigo mmoja. Sisi tukiwa mezani, kijiko kikigonga sahani, hatukisikii. Yeye anakisikia. Feni, bomba linalodondoka, jirani anayekohoa, vyote vinaingia pamoja na hakuna kinachosubiri zamu yake. Mwanga mkali unamchoma. Harufu ya mafuta ya moto inamfukuza. Si utundu, wasikilizaji wapendwa. Wala si kudeka. Ndivyo alivyoumbwa.

Kula ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Kinda alikula na mtu mmoja tu, bibi yake. Alikula katika chumba cha kushonea, mlango umefungwa, ameelekea ukutani, marobota ya vitambaa kulia na kushoto. Wali mkavu usioguswa na mchuzi. Yai la kuchemsha. Bibi amekaa nyuma yake, mgongo wa mtoto ukigusa magoti yake.

Na mlango ule haukufunguliwa kwa mtu. Hata kwa mama mzazi. Binti alikuwa akirudi kazini anakaa kwenye ujia, viatu bado mguuni, anamsikiliza mtoto wake akitafuna upande wa pili. Akigonga, anaambiwa, usiingie, utamshtua.

Mdogo wake Mama Pazia alimwonya kwamba mkono mmoja haulei mwana. Alijibiwa papo hapo: "Mimi ninayo miwili."

Binti naye aliuliza lake. Aliuliza kwa adabu, jioni moja wakikunja nguo: "Mama, siku usipokuwepo, huyu atakula na nani?"

"Kwani naenda wapi?" akasema Mama Pazia, na akaendelea kukunja.

Lishikeni swali hilo. Siku usipokuwepo, atakula na nani?

Ikaja siku ya mapumziko kazini kwa binti, wakaenda wote watatu kwenye bustani ya michezo. Ile yenye gurudumu kubwa linalopandisha watu juu, na treni ndogo, na vikombe vinavyozunguka. Kinda alipenda gurudumu. Lilikwenda taratibu, na juu kulikuwa kimya. Alipanda, akashuka, akapanda tena. Adhuhuri ikafika. Njaa ikafika.

Mkahawa wa bustani ulikuwa umefurika. Mashine ya juisi inanguruma. Wahudumu wanaimba na kumpigia makofi mtoto aliyekuwa anatimiza mwaka. Chooni, mashine ya kukaushia mikono inapuliza kama kimbunga. Pale mlangoni Kinda aliziba masikio na kupiga kelele. Watu wakageuza shingo. Mama mmoja alimwambia mwenzake kwamba watoto wa siku hizi hawafunzwi.

Mama Pazia aliweka viganja vyake juu ya viganja vya mtoto. Akamgeuza aelekee ukuta. Akasimama nyuma yake, akamkinga na ule ukumbi wote. Ndivyo alivyojua kufanya.

Pale mlangoni palikuwa na mhudumu anayepanga wageni kwenye meza. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, kalamu sikioni. Hakuuliza mtoto ana nini. Hakusema pole. Aliondoka, akarudi, akawaonyesha kwa kidole wamfuate. Akawapitisha pembeni, mbali na jikoni, mbali na vyoo, mpaka kwenye meza ndogo nyuma ya nguzo. Alikuwa ameshageuza kiti kimoja kikaelekea ukuta. Taa ya juu ya meza alikuwa ameizima. Chini ya sahani alitandika kitambaa kilichokunjwa mara mbili, isigonge. Kijiko alicholeta kilikuwa cha mti. Akaweka wali na yai, kama binti alivyoagiza, akaenda zake.

Kinda alikaa. Akatazama ukuta. Akachukua kijiko mwenyewe.

Akala.

Binti alilia kimyakimya, machozi ya furaha. Na Mama Pazia? Mama Pazia aliona donge. Alisimama nyuma ya kile kiti, mikono mitupu, hakuna wa kumgusa magoti. Mtoto aliyekuwa hali ila kwake, anakula kwa mtu baki, kwenye kiti cha mtu baki. Kijiba cha roho kikamkaa. Walipoondoka, binti alimshukuru yule kijana kwa maneno mengi. Mama Pazia alisema kwamba wali ulikuwa mbichi kidogo.

Tangu siku ile Kinda, mtoto wa maneno machache, alipata neno jipya. Mjomba Kiti. Asubuhi, Mjomba Kiti. Jioni, Mjomba Kiti. Wakampeleka tena, na tena akala. Bibi akavimba kama unga uliotiwa hamira. Nyumbani alitafuta ubaya wa yule kijana asiupate. Mara ana haraka. Mara kalamu sikioni ni majivuno. Mwishowe akamwambia binti yake kwamba amesikia bustani imefungwa, inatengenezwa. Binti alimsadiki, mpaka mteja alipoingia dukani kununua viatu vya mtoto, akasema anampeleka kwenye gurudumu mchana ule ule.

Binti hakumfokea mama yake. Alirudi nyumbani, akamwambia tu kwamba bustani imefunguliwa. Mama Pazia akasema, ehe, wamemaliza upesi.

Halafu moyo ukaanza kumsumbua. Moyo wenyewe, wasikilizaji wapendwa, ule wa kifuani. Alianguka akiwa juu ya ngazi anatundika pazia la watu, akalazwa. Nyumbani, Kinda hakula. Mama yake alimpeleka chumba cha kushonea, akamweka pale pale, akambembeleza, akaimba, akalia. Mtoto aligeuza uso. Alikunywa maziwa tu, na maziwa yenyewe kwa taabu. Bustani ilikuwa mbali, na duka la viatu halikuwa na ruhusa za kila siku.

Mama Pazia aliporuhusiwa, alimkuta mjukuu wake mikono imekuwa myembamba. Akafunga mlango, akamlisha. Lakini daktari alikuwa ameshamwambia kwamba atarudi hospitali, na safari hiyo atakaa. Lile swali la jioni ya kukunja nguo likaanza kumwamsha kabla ya mkasi.

Akafanya jambo ambalo mdogo wake hakulitarajia. Alivaa gauni lake la kutokea, akaenda bustanini peke yake, asubuhi, kabla ya wageni. Akamkuta Mjomba Kiti anateremsha viti kutoka juu ya meza. Akaketi, pochi mapajani, akamuuliza bila salamu ndefu: "Mwanangu, umempa nini mjukuu wangu?"

Kijana akasema hakumpa kitu. Mama Pazia akamwambia asimfiche, yeye ni mtu mzima. Basi Mjomba Kiti akavuta kiti akakaa. Haya ndiyo aliyomwambia, na ametusimulia sisi vilevile:

"Mama, mimi nilikuona wewe. Siku ile mlangoni ulimziba masikio, ukamgeuza ukutani, ukasimama nyuma yake. Nikasema, kumbe ndivyo anavyotaka. Nikaenda kutafuta meza yenye ukuta."

Mama Pazia akaisogeza pochi mapajani. "Kwa hiyo umeniibia."

"Nimekuibia, mama. Na nawakalisha hivyo watoto wengine pia."

"Wengine? Kwenye meza yetu?"

Kijana anasema hapo ndipo alipoona wivu wa kweli usoni mwa mtu. Alimweleza kwamba kuna mtoto asiyestahimili taa, na kuna mwingine anayependa kula chini ya meza kabisa, na wote hupita pale nyuma ya nguzo. Mama Pazia akauliza kama wanakula vizuri kuliko Kinda. Kijana, Mungu ambariki, akasema hapana.

"Na kile kitambaa chini ya sahani?" akauliza bibi. Hicho ndicho kilichomuuma zaidi. Yeye, fundi wa vitambaa maisha yake yote, hakukiwaza.

"Hicho ni changu, mama."

"Basi na mimi nimekuibia. Tumelipana."

Aliposhuka basi, alirudi nyumbani anatembea polepole, anapumzika kwenye kila ukuta wa kuegemea. Alimweleza mdogo wake baadaye alichokuwa anawaza njiani. Mtu baki ametazama mara moja, mlangoni, watu wamejaa, na ameweza. Binti yake hajaweza, kwa sababu hajawahi kuruhusiwa kutazama.

Jioni hiyo binti alirudi kazini akakuta mlango wa chumba cha kushonea uko wazi.

Aliitwa ndani. Aliambiwa akae karibu na mlango, asiseme, atazame tu. Kesho yake akasogea. Kesho kutwa akasogea tena. Mama Pazia alimfundisha kama anavyofundishwa mwanafunzi wa ushonaji, mkono juu ya mkono. Usimwambie kula. Usimhesabie matonge. Usivute pumzi kwa nguvu. Kaa nyuma yake, basi. Ikafika jioni ambayo mgongo wa Kinda uligusa magoti ya mama yake, na bibi akainuka, akatoka, akafunga mlango yeye mwenyewe.

Mdogo wake alimkuta kwenye ujia, pale pale binti alipokuwa akikaa. "Nilimuuliza mtoto amekula? Akasema amekula. Nikamuuliza sasa mbona umenuna? Akasema, amekula yote." Hivyo ndivyo mdogo wake alivyotusimulia, anacheka na kufuta macho.

Msidhani wivu ulimtoka. Haukumtoka. Kila jioni alikaa kwenye ujia ule, akisikiliza kijiko cha mti, walichokinunua kama kile cha mkahawani. Na kila jioni aliufunga mlango kwa mkono wake.

Aliporudishwa hospitali, Kinda aliendelea kula nyumbani. Siku moja binti akampeleka kumwona bibi. Wodi ilikuwa na makelele yake, na mtoto akakataa kuvuka kizingiti. Muuguzi mmoja aliona. Alimtoa Mama Pazia kwa kiti cha magurudumu hadi mwisho wa korido, kwenye dirisha lililofungwa, akaleta stuli akaielekeza ukutani. Binti akafungua chakula. Kinda akala, mgongo umeegemea magoti ya mama yake, na bibi anatazama kutoka pembeni, amekunja mikono kifuani.

Binti akamuuliza kama kuna mahali panamuuma.

"Hakuna panaponiuma. Naona wivu tu. Mwache ale."

Wasikilizaji wapendwa, Mama Pazia alifariki wiki iliyofuata. Kinda alikula siku ya msiba. Tunarudia, kwa sababu ndilo jambo alilolihangaikia mpaka mwisho. Siku ya msiba, nyumba imejaa watu, mtoto alikula.

Tunatoa pole kwa binti yake, kwa mdogo wake, na kwa Mjomba Kiti, aliyesimama makaburini shati limepigwa pasi. Pole nyingi kwa Kinda. Nasi tuliobaki tutafakari. Ukimwona mtoto analia mlangoni mwa mkahawa, usigeuze shingo, geuza kiti. Na kama kuna mtu ambaye wewe peke yako ndiye unayejua kumtunza, jiulize nani umemruhusu akutazame ukimtunza. Mwenyezi Mungu amrehemu Mama Pazia.

Siku ile kwenye korido, saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha, binti alikusanya vyombo, akamshika mtoto mkono. Mama Pazia akamvuta upindo wa gauni. Alimtazama mjukuu, akamtazama binti, akajikaza.

"Mje tena kesho," akasema. "Na mje na njaa."