Msinifungie kwa Saruji

Sogeeni karibu, wanangu, na mtu akawaombe wapangaji wazime redio, kwa maana sauti niliyobakiwa nayo haitoshi kushindana na kitu. Zéphirin, kaa pale nikuone. Céline, acha kulia, machozi hayo utayahitaji mbele. Jemima, mjukuu wangu, niinulie mto kidogo. Basi. Nimechoka, tena si kwa ugonjwa huu tu. Nimechoka kama kitenge kilichofuliwa mpaka mwanga unapita, na kabla sijachanika nataka tuelewane juu ya namna mtakavyonizika.

Zéphirin, nimeviona vigae. Mliviingiza mkidhani nimelala, mkavipanga uani pamoja na mifuko ya saruji, vikanizibia nusu ya mparachichi niliokuwa nautazama dirishani. Vigae vya buluu, baba! Utanilaza kaburini au bafuni? Usiinamishe kichwa. Najua ni upendo, na najua pia ni woga, maana katika mji huu kaburi lisilosakafiwa halikai: majani yanaota, wachimbaji wanamlaza mtu mwingine juu, na watu wa kanisa wanasema, "Batoto yake balishindwa hata kujengea mama yabo." Hilo ndilo linalokunyima usingizi. Mimi nanyimwa na lingine.

Nilipoolewa na baba yenu Onésime, akiendesha lori la samaki kwenye barabara ya Kasomeno, makaburi yalikuwa nje ya mji, tukienda kuzika tunabeba na chakula kama wasafiri. Tulipomzika yeye, nyumba zilikuwa zimefika ukutani. Leo watu wanaanika nguo juu ya ukuta huo huo. Tunazaa, na ni vizuri, mimi mwenyewe sikuwa mvivu. Lakini ardhi haizai ardhi. Wanaotaka kula wanaongezeka, wanaotaka kulala wanaongezeka, nanyi mnataka kila anayelala afungiwe mlango wa saruji milele.

Mnakumbuka tulipomzika mtoto wa Gaëlle, mpangaji wetu. Makaburi ya kwanza walitukataa, ya pili walitukataa, jeneza dogo likiwa mapajani mwangu ndani ya teksi, mpaka Kalaba mchimbaji akatuhurumia, akachimba kati ya makaburi mawili yenye vigae, mahali palipobaki upana wa mlango. Jembe likagonga mfupa. Kalaba alitaka kufukia ajaribu pengine, na pengine hapakuwepo. Ndipo Gaëlle, binti mdogo vile, akasema, "Muache pale pale. Mutoto wangu atalala na muntu, hatalala peke yake." Wanangu, nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, sikusikia neno lililonituliza namna ile.

Jemima aliniambia wanachofundishwa chuoni: kwamba mfupa una fosforasi, na fosforasi haiumbwi upya, inazunguka tu, udongoni, kwenye mmea, ndani ya mtu, kisha udongoni tena, na ukiifungia inakaa bure. Nilimsikiliza nikacheka. Wazee walisema mavi ya kale hayanuki. Mimi naongeza kwamba yanaotesha mboga ya lengalenga, na kwa lengalenga hiyo mlikua. Vitovu vyenu nilivizika chini ya mparachichi ule, na maparachichi yake mmeyala kila mwaka, sikumsikia mmoja wenu akisema ni aibu.

Basi shikeni neno. Nizikeni katika kaburi la baba yenu, lile la udongo mtupu. Mkifika kwenye mifupa yake simameni, msiogope, nilaleni… nilazeni hapo hapo. Ulimi unateleza, nisameheni. Jeneza liwe la mbao nyepesi, bila bati ndani. Vigae vijengeeni choo cha wapangaji, wanateseka wakati wa mvua. Nyumba hii ya Makomeno isiuzwe. Céline akae humo, na yeyote kati yenu atakayeangukiwa na maisha apate chumba, asiulizwe maswali. Mparachichi msiuguse.

Baba yenu mdogo Symphorien hajanisalimia tangu msiba wa kaka yake. Alikuja na mkasi akitaka nywele na kucha za marehemu azipeleke kwao Kasai, kama ilivyo desturi kwa anayefia mbali, nami nikamfungia mlango, nikisema Onésime ni mtu wa hapa. Hakupata za kaka yake, basi nikateni zangu mmpe. Mwambieni Kasai nayo ionje. Nimechoka kugombea ardhi itakayonila.

Maji… Asante.

Na siku watakapokuja watu na jeneza dogo, hawana pa kuliweka, na jembe la Kalaba likanigonga mimi, msimshitaki, Zéphirin. Msipige kelele. Semeni kama alivyosema Gaëlle. Mfupa wangu umpokee mgeni.

Umesema nini? "Ndiyo, mama, lakini bantu…" Hapana, baba. Bantu watakuja watakula ugali wa matanga, watasema, watarudi kwao. Nipe mkono. Sema tena, bila lakini.

Naam. Nimesikia. Nyote mmemsikia.

Mungu awafanye udongo mzuri, wanangu. Mnachopewa kiote. Mkianguka, muangukie penye rutuba… Mbegu zenu zisikose mvua. Msigombane. Céline… nilitaka kukwambia neno… hapana, limenitoka. Haidhuru.

Shusha mto, Jemima. Pole pole.

Na vile vigae… viondoeni pale. Nauona upande mmoja tu wa mparachichi.