Ngome Iliyoshindwa na Paka

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wetu mkuu wa uashi, Papa Iliasi Sumaili, amestaafu rasmi tarehe 31 Julai 2025. Sare ameirudisha. Mwiko wake wa kujengea amekataa kuurudisha, na hakuna aliyethubutu kumdai.

Alianza katika Kitengo cha Majengo ya Kale, Kasongo, kwa kuziba nyufa. Kazi ya kwanza ya mbali ilikuwa Wamaza. Alikwenda kwa miguu, akarudi kwa pikipiki ya wenyeji, maana alikuwa amekagua kuta za nyumba zao pia, bila kuombwa, na wao walitaka aondoke upesi.

Lakini jina lake limejengwa Nyangwe, kwenye ngome ya zamani ya askari ukingoni mwa Lualaba. Askari waliiacha kabla babu zetu hawajaota ndevu. Wakabaki popo na mbuzi. Ilipoamuliwa itengenezwe iwe ghala la wauza samaki wa moshi, Papa Iliasi alipewa kazi. Matundu ya bunduki sasa yanapitisha upepo kwa samaki. Hayajawahi kufanya kazi ya maana kuliko hiyo.

Shida ilikuwa matofali. Yale ya zamani ni mapana, ya siku hizi hayalingani nayo, na nusu ya ukuta wa mtoni ilikuwa imehamia jikoni mwa watu, ikawa mafiga. Na kwetu mafiga ya mwanamke hayang'olewi hivihivi. Anayeyataka huleta mawe ya badala, kisha hukaa na kula chakula cha mwisho kilichopikwa juu yake, mpaka ashibe. Akikataa kula, amevunja nyumba ya watu.

Papa Iliasi hakuvunja nyumba hata moja. Alikula jiko kwa jiko, bugali na sombe ya majani ya muhogo, kwa niaba ya Serikali. Ukuta ukapanda, na mkanda wa suruali ukaongezewa matundu. Shefu wetu wa Kitengo, Hippolyte, aliripoti kwamba fundi "anaendelea na mazungumzo na wakazi".

Likabaki pengo moja chini ya ukuta, la matofali matatu. Siku ya uzinduzi Papa Iliasi aliapa mbele ya wote kwamba hatastaafu akiliacha wazi. Tulipiga makofi, isipokuwa Mama Pascaline, mkubwa wa wauza samaki.

"Papa Iliasi, umekamata mafiga ya wanawake wote wa Nyangwe. Ya kwako iko wapi?"

Yalikuwa jikoni kwake. Mama mkwe aliyatoa kwenye ukuta uleule, akayaleta kichwani siku binti yake, Mama Mwamvita, alipofunguliwa jiko la ndoa, fundi akiwa hajaajiriwa bado. Na jibu la Mama Mwamvita mtaa wote unalijua: "Kila saa sita uko kwa bibi za watu, unakula. Siku utakula mchana hapa kwako, ndiyo utaniuliza mafiga." Mumewe alijaribu Jumapili. Akaambiwa Jumapili haihesabiwi.

Basi ngome iliyojengwa kuzuia jeshi ikashindwa kumzuia paka mmoja wa kijivu. Wakiweka miiba, anaruka. Wakiweka tofali jipya, jembamba, anajipinda na kupita. Samaki wakaisha. Wanawake wakaliita pengo lile mlango wa Iliasi, na fundi akawa hapiti sokoni.

Siku ya kumuaga, tulikusanyika ngomeni. Shefu, katika hotuba yake, alikuwa amefika kwenye "mtumishi mwaminifu" pale Mama Mwamvita alipoingia na beseni kichwani.

"Shefu, pole. Kuanzia kesho, huyu mutu mchana ni wangu?"

"Ni wako, mama."

Akatua beseni. Ndani mlikuwa na sufuria ya kuku na matofali matatu meusi kwa masizi, bado na joto. Papa Iliasi akaketi, akala mpaka mwisho, hotuba ikimngoja. Kisha akavua koti la sherehe, na mwiko ukatoka mfukoni. Mawe ya badala alikuwa ameyaficha nyuma ya ngome tangu mwaka wa uzinduzi.

Pengo lilipozibwa, Mama Pascaline akauliza: "Mlango wa Iliasi umefungwa. Na Iliasi mwenyewe?"

"Huyo namufungia mimi," akasema Mama Mwamvita.

Papa Iliasi, asante kwa ukuta, na kwa kutuonyesha kwamba kazi ya Serikali inaweza kukamilika. Tunakutakia afya, amani, na bugali ya moto kila saa sita, nyumbani kwako. Paka naye anakusalimu, kutoka nje.