Moshi wa Dampo la Lukwele

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Halmashauri, pamoja na viongozi mlioongozana naye: sisi wakazi wa Mtaa wa Lukwele tunawakaribisha kwa heshima. Wazee wetu, shikamooni. Mheshimiwa, umekuja kuzindua Wiki ya Usafi, nasi tumefagia hadi mitaroni.

HISTORIA FUPI

Dampo liliwekwa hapa kwa muda, tukaambiwa taka zitafukiwa. Hazikufukiwa. Zilipojaa, zikaanza kuchomwa ili trekta la taka lipate pa kumwaga: plastiki, magodoro, matairi. Wakati wa kiangazi upepo wa Uluguru unashuka na kuusukuma moshi huo hadi vyumbani. Milima yenyewe hatuioni mpaka mvua inyeshe.

MAFANIKIO

Tumeunda kamati ya mazingira. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa marehemu Halidi Kibwana, fundi cherehani, mgonjwa wa pumu. Aliwashawishi kina mama watenge maganda na mabaki ya chakula yawe mbolea ya bustani, na Bwana Nikunj mwenye duka la viungo akatoa mapipa. Taka zetu zilipungua. Za mji mzima ziliendelea kuja.

CHANGAMOTO

Halidi alikwenda ofisini kwenu mara kadhaa. Mara ya mwisho ofisa mmoja alimwambia, "Mzee, moshi ni kitu cha kupita. Funga dirisha." Alirudi akitusimulia huku anacheka, lakini siku ile hakushona.

Agosti mwaka jana yakachomwa matairi. Pumzi ikambana. Akamwambia mkewe, "Raya, nisogeze dirishani."

"Dirishani kuna moshi, Baba Mosi."

"Basi nisogeze wapi?"

Bwana Nikunj alimpakia kwenye gari lake, akaendesha mchana kweupe akiwa amewasha taa. Halidi hakufika hospitali akiwa hai. Msibani tulikaa chini ya turubai tukikohoa, na trekta likapita na mzigo wake.

Bi Raya, mjane wake, ndiye anayekusomea risala hii.

MAOMBI

Mheshimiwa, tunaomba uchomaji ukome, na sheria ndogo zimbane kila mtu, halmashauri ikiwemo. Taka zifukiwe kila siku hadi dampo lihamishwe mbali na makazi ya watu. Masoko yatenge taka zake kabla trekta halijafika. Tunaomba kipimo cha hewa, matokeo yabandikwe ofisi ya mtaa, maana tumechoka kuambiwa tunatia chumvi. Na zahanati isikose dawa ya pumu ya kuvuta.

Kuna jambo moja limebaki. Jana lilikuja boza la maji, likazima dampo kwa ajili ya ujio wako. Moto uliotuwakia miaka yote hii ulikufa kabla ya alasiri. Watoto wakatoka nje kucheza. Bi Raya alikaa mlangoni kwake akalia, akatuuliza, "Kumbe ilikuwa kazi ya mchana mmoja?"

Tunakuomba umjibu wewe, yuko mbele yako.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, wewe na watoto wako, na akupeni pumzi ya kutosha.

Ni sisi,
Wakazi wa Mtaa wa Lukwele